Kodi ya Unapolala

Nianze na kitanda, maana kitanda ndicho kilichoniponza. Kitanda cha mtoto, cha mbao, kina droo mbili chini za kutilia nguo, na kichwani kimechongwa nyota. Kilikuwa dukani pale Langley Park, huku Maryland, dirishani kabisa, na mie kila nikishuka basi nakipita. Nakitazama, kinanitazama. Mjukuu wangu wakati ule ana miaka saba na tunalala naye kitanda kimoja, na alalavyo yule mtoto utadhani anaogelea. Mguu huku, kiwiko huku, asubuhi naamka mbavu zinauma kama nimepigana na mtu.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, mtanielewa.

Mie Marekani nilifikia Houston, kwa mwanangu wa kiume. Huyo alikuwa akiringia Texas utasema kaijenga yeye. "Mama, huku raha, jimbo halikukati hata senti ya mshahara wako." Kila mgeni akija, wimbo huohuo. Mie nakaa pembeni nanywa chai yangu nasema ehee, maana mambo ya jimbo mie nilikuwa nayajua ni ya kupigia kura tu. Nilipopata kazi ya kukunja mashuka kwenye nyumba ya wazee, mwanangu akawa ananisomea karatasi ya mshahara: haya makato ya serikali kuu, haya makato ya uzeeni. Makato, makato. Kodi tulikuwa tukisema ya nyumba tu, ile anayopeleka mwanangu kila mwanzo wa mwezi huku amenuna. Kwa hiyo kichwani mwangu vitu vimejipanga vizuri: makato ya serikali, kodi ya nyumba. Sasa nani aje aniambie mie sijui Kiswahili, mie mzaliwa wa Tanga?

Na hiyo raha ya Texas sikuiona. Basi hakuna, mahali popote mpaka ubebwe na gari. Joto la kukaanga samaki. Ukienda dukani bei iliyoandikwa kwenye sabuni siyo unayoambiwa kwa keshia. Nikamwambia mwanangu, "Hawa hawakukati mfuko huu, wanakukata ule." Akasema, "Mama, wewe hushukuru." Hasha, nashukuru, lakini macho ninayo.

Basi ndugu zanguni, binti yangu akapiga simu kutoka Maryland. Mume keshaondoka zake, kamwacha na mtoto. Kapata kazi Columbia, mji wa hukohuko, kumwangalia mzee mmoja nyumbani kwake, kulala hukohuko tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, anarudi Jumapili. Akaniambia, "Mama, ukija, mtoto atakaa na mimi. Usipokuja, nimpeleke Houston kwa kaka, akae huko."

"Mpaka lini?"

"Sijui mpaka lini."

Analia. Mtoto wangu huyo halii ovyo. Nikapanda basi la masafa, siku mbili nimekaa mpaka miguu ikawa mihogo. Nilipofika akaniambia maneno yaliyonikaa: "Mama, mradi tuwe na hii nyumba. Tukiikosa nyumba, mtoto hana budi kwenda kwa kaka." Tukagawana: chakula, gari, shule, vyake yeye. Mwezi wa kwanza kodi akalipa mwenyewe. "Kuanzia mwezi ujao, kodi ni yako, Mama." Nikasema, "Niachie mie."

Niachie mie! Looo.

Kazi nikaipata Washington yenyewe, upande wa Shaw, kwenye hoteli, chini ya ardhi kwenye kufulia. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Mtoto akitoka shule anakaa juu kwa jirani, mama wa Kikongo mwenye mapacha, mpaka nirudi. Huyo mama alikuwa mwema kupita kiasi ila Kiswahili chake na changu kilikuwa kinapigana. Mie nasema hivi yeye anasema vile, tunacheka, tunaelewana nusu, nusu nyingine tunamwachia Mungu.

Hundi yangu ya kwanza nikaitazama, nikaona imekatwa zaidi kuliko ya Houston. Kuna mstari mpya. Roho ikanipanda juu! Hapohapo kazini kulikuwa na Mzanzibari mmoja, ndiye mtu wa mashine ya pasi, mtu mzima mwenye mvi. Mtu wa lugha huyo. Ukimwambia "taimu" anakuuliza, "Kwani neno wakati linaumwa?" Nikamwendea na karatasi yangu.

"Hebu nitazamie, wameniibia nini hawa?"

Akavaa miwani. "Hawajakuibia, Bi Mkubwa. Hii ni kodi."

"Kodi ya wapi?"

"Ya Maryland."

"Mie si nafanya kazi Washington?"

"Wao hawatazami unapofanya kazi. Wanatazama unapolala. Wewe walala Maryland, basi wakatwa kodi ya Maryland. Mimi nalala hapahapa Washington, nakatwa ya hapa. Kila mtu na kodi ya anapolala."

"Kodi ya ninapolala?"

"Ndiyo hiyo."

"Na wanaikata wenyewe? Sina haja ya kuipeleka?"

"Hupeleki popote. Keshaikata bosi kabla hujaiona."

Sasa nakuulizeni nyie mnaosoma, na mnijibu kwa haki. Mtu akikwambia imekatwa kodi ya unapolala, wewe utafahamu nini? Mie babangu alikuwa akilipa kodi ya kibanda enzi za Mwingereza, analipa serikali, kwa kibanda alichojijengea mwenyewe kwa udongo na mikono yake. Tena baadaye na sisi tukawa na kodi ya maendeleo, mgambo wanasimama njiani, wanaume wanaruka mashambani kama panzi. Kwa hiyo serikali kudai kodi ya kibanda chako kwangu mie si habari mpya. Nikaona ah, huku wameendelea, wanaikatia kazini, hakuna kukimbizana.

Nikatazama tena ule mstari. Nikasema mbona rahisi hivi? Halafu nikaikumbuka nyumba yenyewe. Mende. Bomba la jikoni linadondosha toka nifike. Kapeti lina rangi ambayo hata jina halina. Nikaona haki kabisa, tena wamezidisha.

Furaha niliyokuwa nayo! Nikamkwangulia mwanangu kadi ya simu, nikampigia Houston.

"Mwanangu, huku tunakatwa kodi, alhamdulillahi."

"Unashukuru kukatwa kodi, Mama?"

"Nashukuru sana. Wanakata wenyewe, mtu unalala usingizi wako."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi wewe umeshakuwa Mmarekani kweli. Huku kwetu hatukatwi."

"Ndiyo maana mnahangaika!"

Hebu ona. Tumezungumza mpaka kadi ikaisha, kila mmoja anamwonea mwenziwe huruma.

Lakini mie si mtu wa kukaa na jambo bila kulihakikisha, msinifanye mjinga. Mwanzo wa mwezi nikamshika mjukuu mkono, tukaenda ofisini kwa wenye nyumba. Kulikuwa na mama mmoja wa Kihispania, miwani mikubwa, mchangamfu, kila mtu anamwita mpenzi. Mie Kiingereza changu cha salamu. Mjukuu wangu Kiswahili anakisikia chote, ila kukijibu hajibu, anajibu kwa Kiingereza chake kama redio. Nikamwambia, "Mwambie huyu mama, Bibi anasema kodi imeshakatwa kazini, je, ni sawa?"

Mtoto akasema. Nikasikia "taks, taks." Nikadhani wanazungumza habari za teksi. Nikamkanyaga mguu. "Hatutaki teksi, nyumba ni hapo tu! Mwambie kodi."

"Nimemwambia, Bibi," ananijibu kwa Kiingereza.

Yule mama akatikisa kichwa, akashika kifua, akasema maneno, akacheka.

"Anasemaje?"

"Anasema na yeye wamemkata. Anasema Mungu akubariki."

Mungu akubariki! Mtu wa ofisi ya nyumba, umemwambia habari ya kodi, amekubariki. Ungetaka risiti gani tena? Tukatoka pale mie natembea kama bibi harusi, moja kwa moja mpaka dukani, nikanunua kitanda. Na godoro lake. Na shuka za maua. Kilichobaki nikampelekea dada yangu Tanga, paa lake lilikuwa linavuja.

Mjukuu siku hiyo aliruka juu ya kile kitanda mpaka nikaogopa kitavunjika. Halafu akafanya kitu hakijawahi kutokea. Akasema kwa Kiswahili, "Kitanda yangu." Nikamwambia, "Changu. Kitanda changu." Akanitumbulia macho, akasema, "Hapana, Bibi. Yangu!" Basi, chako, nani atabishana.

Binti yangu Jumapili alipokuja akakiona. "Mama, pesa umepata wapi?"

"Mshahara wangu."

"Na kodi?"

"Imekwisha, hiyo usiwe na wasiwasi nayo."

Akanikumbatia. Akaenda jikoni kupika, anaimba. Binti yangu alikuwa hajaimba muda mrefu. Kila nikiukumbuka ule wimbo ndipo moyo unaponikwaruza.

Wiki ziliyoyoma, mwezi mwingine ukaingia. Siku moja nimerudi kazini, miguu imevimba, napanda ngazi, nakutana na mama wa mapacha anashuka mbio, kanga haijakaa sawa.

"Mama weee! Bameweka karatasi ku mulango yako!"

"Karatasi gani?"

"Banasema utoke! Loyer, mama! Haukulipa loyer!"

Loya? Mie nikashika ukuta. Loya si ndiye wakili? Mie na mawakili wapi na wapi? "Sijamwita loya mimi! Nimlipe loya wa nini, nimemfanyia nani nini?"

"Loyer! Loyer ya nyumba!"

"Nyumba ina loya wake?"

"Eeh! Kila mwezi!"

Jamani. Tukasimama pale ngazini, yeye anapiga kelele loya, mie napiga kelele sina kesi, mapacha wanalia, mjukuu wangu ameshika ile karatasi anaisoma kwa kidole. Nikamwuliza, "Imeandikwa nini?" Akanitazama. Akasema taratibu, kwa Kiingereza, na nilifahamu kila neno, maana kuna maneno hata usiposoma unayafahamu: "Bibi, tunakwenda Houston?"

Kumbe alikuwa akisikia mazungumzo ya wakubwa yote. Kumbe anajua: nyumba ikikosekana, yeye ndiye anayepakiwa.

Nikampigia mamaye Columbia. Huwa simpigii kazini, yule mzee hapendi simu ilie.

"Mama, kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mtoto mzima. Hawa watu wa nyumba wana wazimu. Wamebandika karatasi mlangoni."

"Mama. Umelipa kodi?"

"Imekatwa!"

"Iliyokatwa ni kodi, Mama. Nakuuliza kodi!"

"Na mie nakujibu kodi! Imekatwa kwenye mshahara, mwezi uliopita na mwezi huu!"

"Hiyo ni kodi nyingine!"

"Kodi ngapi mtu alale? Nina migongo miwili?"

"Mama, kodi ya serikali hiyo! Ya mapato! Mimi nakuuliza kodi ya nyumba!"

"Si ndiyo ya ninapolala? Kaniambia mtu na akili zake, wanakata ya unapolala!"

Akasema kwa sauti ndogo, "Basi hujalipa, Mama." Na mie hapo ndipo lilipoingia. Liliingia polepole, kama maji kwenye kiatu. Kumbe na ile loya ya mama wa mapacha ni Kifaransa chao, kodi ya nyumba hiyohiyo.

Nilikasirika jamani! Niliikasirikia Maryland, nikaikasirikia Texas kwa kunizoesha vibaya. Maana kama na Texas ingekata, ningejua tangu zamani kwamba kuna kukatwa huku na bado wenye nyumba wanakungoja kule. Nikakikasirikia hata Kiswahili, Mungu anisamehe. Lugha ina neno la nazi changa na neno la nazi inayoanza kukomaa, dafu na koroma, lakini serikali na mwenye nyumba tumewapa neno moja, wakae humo wagawane!

Asubuhi yake nikamfuata Mzanzibari kwenye mashine yake ya pasi. Sikumwamkia.

"Ulinambia kodi ya ninapolala!"

"Nilikwambia, ndiyo."

"Basi wananitoa ninapolala!"

Akazima mashine. Nikamweleza. Akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha. "Bi Mkubwa, wallahi nilisema kweli tupu."

"Kweli yako itanilaza njiani."

"Mimi nilichukia kusema taks tu. Neno baya lile."

"Ungelisema! Siku moja tu ungelisema neno baya, mjukuu wangu angelala!"

Sikumsemesha mpaka chakula cha mchana. Akaja na maandazi yake, akaniwekea mawili mbele yangu. Nikayala, lakini nimenuna.

Mwanangu wa Houston akapiga simu, binti keshamweleza. Huyo sasa ndiyo akapata pa kusimamia. "Sikukwambieni? Rudini huku. Mleteni mtoto. Mama, wewe mwenyewe huko umekatwa, na umebandikiwa karatasi. Huku ungekatwa nini?"

Nikamwambia, "Huko mtoto angekatwa kwa mamaye. Hayo makato wewe huyaoni kwenye karatasi yako."

Akasema, "Kodi mnaitoa wapi?"

Swali zuri. Nikakata simu.

Tukaenda ofisini Jumapili, binti yangu mbele, mie nyuma na mjukuu, nimevaa baibui langu zuri ili tusionekane watu wa kufukuzwa. Ofisi Jumapili ilikuwa inafunguliwa nusu siku. Yule mama wa miwani alipoelezwa, akafunika mdomo. Akamtazama mtoto, akanitazama mie. Kumbe alidhani nilikwenda kupiga soga tu, kulalamikia serikali kama wanavyolalamika wote! Akasema atatupa mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo si yeye, kuna wakubwa wake. Mie nikajipigapiga kifua, nikasema Kiingereza changu chote: "Me, renti. Renti!" Akasema, "Yes, mpenzi. Renti." Neno hilo sasa nalijua, hata nikiamshwa usingizini nitalitaja.

Binti yangu akawaomba watoto wa yule mzee wa Columbia wampe mshahara mbele. Wakakubali, ila kwa sharti: Jumapili za mwezi mzima asiondoke, afanye kazi. Jumapili ndiyo siku pekee mtoto aliyokuwa akimwona mamaye. Na hata hivyo pesa za miezi miwili hazikutosha. Nikatazama huku, nikatazama kule, ndani ya nyumba ile hakuna kitu cha kuuzwa isipokuwa kitu kimoja chenye nyota kichwani.

Mama wa mapacha akakinunua. Hakunipunja, alinipa karibu bei ya dukani, na najua alikopa kwa wenzake wa kanisani. Mumewe akaja na bisibisi, wakakifungua, wakakipandisha ngazi vipandevipande. Mjukuu wangu akasimama mlangoni ameshika shuka zake za maua, hizo sikuziuza. Hakulia. Nikamwambia, "Nitakununulia kingine." Akanijibu kwa Kiingereza, "Kodi gani itakatwa sasa, Bibi?" Neno lenyewe akalisema kwa Kiswahili, kodi, vizuri kabisa, na kejeli yake ndani. Mtoto wa miaka saba! Nilitaka kumchapa, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Nyumba hatukutolewa. Houston hakwenda mtu. Jumapili zile zilikuwa ndefu, tunapika, tunamngoja mtu tunayejua haji, kisha tunampelekea kwa simu maneno ya chakula tulichokula. Na kila hundi ikija mstari ule uko palepale, Maryland inachukua chake, na kila mwanzo wa mwezi nakwenda ofisini kutoa kingine. Yule mama ananiona mlangoni tu anapaza sauti, "Renti!" na mie nampazia, "Renti!" na waliopo wanadhani ni salamu ya kwetu.

Usiku mjukuu amerudi ubavuni kwangu anaogelea kama zamani. Asubuhi, kabla sijafumbua macho, nasikia juu ya dari mapacha wameshaamka, wanarukaruka, na kitanda chetu kinalia kwi, kwi, kwi juu ya kichwa changu. Mtoto ananisukuma kiwiko. "Bibi, kitanda yangu." Namwambia, "Changu." Halafu nanyanyuka niwahi basi, mbavu zinauma, lakini tunanyanyuka wote wawili chumba kimoja.